London kwa hela ya mawazo

Nilisoma London mwaka mmoja, shahada ya uzamili, kwa ufadhili uliolipa ada na kunipa posho ya kujikimu. Posho ile ukiisoma kwa shilingi unaona umetajirika. Ukishalipa kodi ya chumba kule Plaistow, mashariki ya jiji, ukatoa nauli ya chuo, simu na chakula, kinachobaki ni kama paundi 15 kwa wiki. Hapo hapo utoe sabuni, na ukiumwa kichwa utoe dawa.

Kila mwaka nikisikia kijana wa kwetu amepata nafasi ya kwenda kusoma kule, ananiuliza kuhusu viza, makoti na bei ya unga. Maswali ya maana yote. Lakini sijapata hata mmoja aliyeniuliza jiji lenyewe ataliona vipi. Nimewafahamu watu waliomaliza mwaka mzima London wakarudi nyumbani wanajua chuo, duka la vyakula na kituo chao cha treni tu. Inaniuma, kwa sababu jiji lile ni ghali mno kwa kula na kulala, lakini sehemu kubwa ya vitu vyake bora haina kiingilio.

Miezi ya mwanzo na mimi nilikuwa nakwenda njia hiyo hiyo. Kuanzia Novemba jua linazama kabla hujamaliza mambo yako ya mchana, na Desemba ikifika saa kumi jioni ni giza. Jumamosi nilikuwa nashinda kitandani na simu, naangalia picha za harusi za Bagamoyo ambazo sikuhudhuria. Nilikuwa nimepita mara nyingi mbele ya National Gallery, jumba la makumbusho ya michoro, pale Trafalgar Square. Nikiona zile nguzo, walinzi na watu wanafungua mabegi yakaguliwe, nasema moyoni hapa si chini ya paundi 30, nanyoosha njia. Sikuuliza. Ukiwa mgeni na mfuko umetoboka, kuuliza bei ni aibu, maana unaogopa jibu litakalokulazimisha kugeuka mbele za watu.

Aliyenitoa ndani ni mama mmoja wa Mombasa, jirani wa mtaa ule ule, aliyefika Uingereza zamani na kufanya kazi ya usafi hospitalini mpaka akastaafu. Tulikutana kwenye duka la Wahindi tukichagua bamia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona wakaa ndani siku zote? Hata Jumamosi sikuoni kutoka."

Nikamwambia sina hela ya kutembelea.

"Ni nani alokwambia walipa? Yale majumba ya makumbusho ni bure. Mie wanangu nimewalea mle. Mvua ikinyesha twaingia, twapata joto, twala mikate yetu, twarudi nyumbani. Nenda, mwanangu, hapana atakayekuuliza kitu."

Baadaye ndipo nikajua undani wake. Baadhi ya makumbusho ya taifa hayajawahi kuwa na kawaida ya kutoza, na yale yaliyokuwa yanatoza yalifuta kiingilio Desemba 2001. Serikali inayachangia kwa kodi ya wananchi, na mlango hauchagui mwananchi na mgeni. Hakuna pasipoti, hakuna kitambulisho cha mwanafunzi.

Nilianza na British Museum, eneo la Bloomsbury. Sasa sikiliza, maana hapa mlangoni ndipo wengi hurudi. Kwanza kuna foleni ya ukaguzi wa mabegi. Hiyo ni ya usalama, si ya tiketi. Ukishapita utakuta masanduku ya kioo yana noti ndani na maandishi yanayopendekeza kiasi cha kuchangia, na mara nyingine mfanyakazi amesimama pembeni anakusalimia kwa tabasamu. Huo ni mchango wa hiari. Ukiwa nacho toa, maana majengo yale yanahitaji. Ukiwa huna, itikia salamu upite kichwa kikiwa juu. Mimi siku ile moyo ulinidunda nikingoja kuitwa nyuma, na hakuna aliyeniita.

Mambo mengine ya mlangoni: maonyesho maalumu ya muda yana tiketi, na bei yake inauma, kwa hiyo ukiona dawati la tiketi ndani ya jengo usidhani ndilo la kila kitu. Makumbusho mengi yanakushauri uchukue nafasi ya bure kwenye tovuti yao kabla hujaenda; fanya hivyo, hasa wikiendi na wakati shule zimefungwa, foleni itakuwa fupi. Uchukue kwenye tovuti yao wenyewe. Kuna mawakala mtandaoni wanaouza "tiketi" na matembezi ya mahali ambapo kuingia ni bure, na nina mwanafunzi mwenzangu aliyelipa hivyo. Sanduku la safari lenye magurudumu British Museum hawalipokei kabisa, kwa hiyo usipitie pale ukitoka uwanja wa ndege.

Nilikwenda kuangalia maiti za Misri kama kila mtu. Kilichonisimamisha kilikuwa jiwe. Jiwe lisilojaa viganja viwili, limegongwa upande mmoja likapata makali, na kibao chake kinasema limetoka Olduvai, Tanzania. Lina umri wa kama miaka milioni 1.8, na mtafiti Louis Leakey alilipata mwaka 1931. Kidato cha kwanza tulikariri zana za mawe, tukachora jiwe kwenye daftari ili tupate alama, na mimi Olduvai sikuwahi kufika, nauli ya kutoka Pwani hadi Ngorongoro iko wapi? Nikalikuta London, siku ya mvua, bila kulipa senti. Kitu ambacho mkono wa mtu ulikitengeneza kwetu kabla Ulaya haijawa na watu wa kukisimulia.

Nilikaa pale muda mrefu nikiwa na furaha na uchungu pamoja. Uchungu unajieleza. Furaha ilitokana na hili: nilikuwa nimejiona mtu wa kuvumiliwa katika jiji lile, na sasa nilisimama kwenye jumba lao kubwa nikitazama kitu ambacho mimi ndiye nilikuwa na haki ya kuwaeleza wao. Nikashuka chini kwenye vyumba vya Afrika, nikaona kiti kilichoundwa kwa bunduki zilizosalimishwa baada ya vita vya Msumbiji. Kazi hiyo ni ya mwaka 2001, ya msanii anayeitwa Kester. Majirani zetu wale. Tangu siku hiyo sikuogopa tena mlango wowote wa London.

Sasa tuzungumze hela, kwa sababu bure ya London inaisha pale unapotoka nje ya jengo. Kinachokula mfuko ni nauli na tumbo.

Nauli. Treni za chini ya ardhi ni za haraka lakini ni ghali kuliko basi. Nilipokuwa kule basi lilikuwa paundi 1.75, na ukishagusisha kadi yako mara ya kwanza unaruhusiwa kubadilisha mabasi utakavyo ndani ya saa moja bila kukatwa tena. Ila kila unapopanda gusisha kadi ile ile. Ukitumia kadi ya benki asubuhi na simu mchana, mfumo unawaona watu wawili na unakatwa upya. Noti na sarafu hazipokelewi kwenye mabasi ya London tangu 2014, kwa hiyo usisimame kituoni na chenji mkononi. Basi la ghorofa lina faida nyingine: panda juu, kaa mbele kabisa. Basi namba 15 linatoka upande wa mashariki linapita ngome ya Tower of London na kanisa la St Paul's hadi Trafalgar Square. Watalii wanalipa hela nyingi kupanda mabasi ya wazi kuona majengo hayo hayo.

Halafu miguu. Ramani ya treni inadanganya, inaonyesha vituo vimeachana mbali kumbe ni mwendo wa dakika chache. Nilijizoesha kutoka na eneo moja tu kichwani. Siku ya South Kensington ni ya South Kensington: makumbusho matatu makubwa yanatazamana, la viumbe, la sayansi na lile la sanaa na ufundi wanaloliita V&A. Siku ya ukingo wa kusini wa mto unaanza Westminster unafuata maji hadi Tate Modern, jumba la sanaa za kisasa ambalo zamani lilikuwa kituo cha kufua umeme, ukimalizia soko la Borough kuangalia vyakula kwa macho. Njiani uingie Royal Festival Hall ukapumzike. Ukumbi wake wa mbele uko wazi kwa yeyote, kuna viti, kuna joto, na ghorofa ya 5 kuna maktaba ya ushairi ambayo hulipi kuingia. Nilisomea mtihani mmoja pale.

Tumbo. Mgahawa wa ndani ya makumbusho unaweza kukumalizia bajeti ya wiki kwa supu na kipande cha mkate. Beba chakula. Chapati mbili zenye mayai na chupa ya maji vilinitosha mchana kutwa, na maji unajaza tena bure kwenye bomba za kunywea. Kiangazi unakula bustanini. Baridi ikianza, baadhi ya makumbusho, kama lile la sayansi, yana sehemu maalumu za kulia ulichobeba. Na vyoo vya makumbusho ni safi na havina malipo, jambo ambalo utalithamini ukiwa katikati ya jiji umebanwa.

Siku niliyoipenda kuliko zote ni ya Greenwich, na ningekuwa na mgeni wa siku moja tu huko ndiko ningempeleka. Unafika kwa basi kwenye ncha ya Isle of Dogs, unashuka kwenye kijumba cha duara, unavuka Mto Thames kwa miguu chini ya maji, ndani ya handaki lililofunguliwa mwaka 1902. Sauti za watoto zinagonga kuta, matone yanadondoka, na wewe unajua mto uko juu ya kichwa chako. Ukitokea ng'ambo unalo jumba la makumbusho ya bahari, bure, na bustani kubwa yenye kilima. Kule juu kuna kituo cha zamani cha elimu ya nyota ambako mstari wa longitudo sifuri unapita. Kuingia kituoni unalipa, na watu wanapanga foleni wapige picha miguu ikiwa huku na huku. Lakini mstari hauishii kwenye uzio. Ukifuata kijia kidogo cha chini, nje ya ukuta, utaukuta umewekewa alama, na hakuna foleni. Kisha ukae kwenye nyasi za kilima utazame jiji lote chini yako.

Ukiwa na nguvu bado, nenda mashariki hadi Woolwich. Pale kuna pantoni inayobeba magari na watu, na tangu ianze mwaka 1889 haitozi nauli. Mimi niliyezoea kulipa na kusukumana Kigamboni nilipanda, nikavuka, nikarudi nayo tena kwa raha tu. Haifanyi kazi saa zote, uangalie ratiba kabla.

Kuhusu kuona jiji kutoka juu: usilipie mpaka umejaribu Sky Garden na Horizon 22. Ya kwanza ni bustani iliyo juu ya ghorofa refu la mtaa wa Fenchurch, ya pili iko ghorofa ya 58 na ilifunguliwa 2023. Zote bure, lakini nafasi huchukuliwa mtandaoni na zinakwisha haraka. Sky Garden huachia nafasi Jumatatu. Amka mapema.

Makanisa nayo yana siri yake. Westminster Abbey na St Paul's kwa mtalii ni zaidi ya paundi 20 kila moja, ila anayekuja kusali halipi. Ibada ya jioni yenye kwaya, Evensong, siku nyingi inaanza saa kumi na moja. Nilikwenda Abbey nikiwa nimevaa kanga yangu chini ya koti, kwa sababu nilijua ninakwenda kumwona nani. David Livingstone amezikwa pale, katikati ya kanisa. Alifariki Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, na watu wake, Chuma na Susi wakiwa mbele, wakamchukua maiti kwa miguu miezi mingi hadi Bagamoyo. Mnara wake wa kwetu nimepita chini yake utoto wangu wote. Jiwe la kaburi linasema aliletwa kwa mikono yenye uaminifu, nchi kavu na baharini. Majina ya wenye mikono hayamo. Niliyataja mimi, kimoyomoyo, kwaya ikiimba.

Ukienda, nenda kusali kweli au angalau kukaa kimya. Hawaruhusu kupiga picha wakati wa ibada wala kuzurura kwenye makaburi, na ni haki yao.

Kiangazi, wifi yangu alikuja kutoka Birmingham na watoto wawili, mmoja miaka 6 na mwingine 9. Alikuwa na orodha: gurudumu kubwa la kando ya mto, sanamu za nta, na chakula cha mjini. Nikamwekea hesabu mezani. Gurudumu peke yake kwa watu wanne lilizidi hela yangu ya starehe ya mwezi.

"Sasa wifi, watoto nimeshawaahidi," akasema.

Tukakubaliana achague kimoja cha kulipia, kile ambacho watoto hawatakisahau, na vingine vyote viwe vya bure. Akachagua gurudumu. Nadhani alichagua vizuri, na huo ndio ushauri wangu kwa wenye watoto: kunyima kila kitu kunawafanya waione safari yote kama adhabu. Watoto chini ya miaka 11 hawalipi mabasini, kwa hiyo nauli ilikuwa yetu wawili tu.

Kwenye makumbusho ya viumbe waliingia wakakaa kimya ghafla. Juu yao kilikuwa kinaning'inia kiunzi kizima cha mifupa ya nyangumi wa buluu, mita 25. (Watanzania huniuliza kama nilimwona mjusi wetu wa kale, dinosaria wa Tendaguru. Yule mkubwa yuko Berlin.) Saa mbili zilitosha. Ukiwapitisha watoto makumbusho mawili kwa siku, la pili watakumbuka kulia tu. Mchana tukaenda St James's Park, ambako wale ndege wakubwa, wari, hulishwa samaki saa nane na nusu. Ndege hao walianza kuletwa pale mwaka 1664, zawadi ya balozi wa Urusi. Mdogo alicheka mpaka akakaa chini.

Kubadilishana kwa walinzi mbele ya Buckingham Palace siwashauri wenye watoto wafupi. Utafika mapema, utasimama muda mrefu, utaona migongo. Nenda Horse Guards, upande wa pili wa bustani hiyo, saa tano asubuhi, au saa nne ikiwa Jumapili. Hapo nako walinzi hubadilishana, kuna farasi, na unasimama karibu.

Jambo moja lilitutia hofu. Kwenye daraja la Westminster kuna watu wanachezesha vikombe vitatu na kidude chini yake. Ni karata tatu ile ile ya Kariakoo. Wanaoshinda mbele yako ni wenzao, na mwingine anaangalia mifuko ya wanaotazama. Yule wa miaka 9 akanivuta: "Shangazi, mimi nimekiona kilipo!" Nikamshika mkono tukapita katikati ya daraja bila kusimama. Usisimame hata kutazama.

Kwa wanaopenda sheria au siasa, Mahakama ya Juu pale Parliament Square iko wazi bila malipo siku za kazi, unakaa nyuma unasikiliza. Katika jengo hilo hukaa pia Kamati ya Mahakama ya Baraza la Privy, chombo ambacho enzi za ukoloni kilikuwa mwisho wa rufaa zetu za Tanganyika na Kenya. Bungeni pia unaingia kusikiliza mjadala bure. Jumatano mchana, Waziri Mkuu akiulizwa maswali, ndipo panapogombaniwa.

Usiku wa baridi kali ambapo chumba kinakuelemea, kumbuka Ijumaa: National Gallery hufungwa saa tatu usiku na V&A saa nne. Wafanyakazi wengi wamekwenda kunywa, vyumba vimetulia, unaweza kukaa peke yako mbele ya alizeti za Van Gogh. Nilizoea kwenda Ijumaa hizo nikitoka maktaba, na hazikunigharimu zaidi ya basi.

Tumia hela mahali pawili: viatu visivyopitisha maji na koti. Vyote utavipata kwenye maduka ya hisani, vya mtumba, kwa bei ya kueleweka, na maduka hayo yakiwa kwenye mitaa ya matajiri yana vitu vizuri zaidi. Bila viatu hivyo, haya yote niliyoandika hutayafanya baada ya Oktoba.

Na ukifika Septemba, kama wanafunzi wengi wanavyofika, uliza Open House mara tu ukishapata chumba. Ni tamasha la kila mwaka ambalo majengo yaliyofungwa mwaka mzima, ofisi za serikali, nyumba za watu, minara, hufunguliwa kwa umma bure kwa siku chache. Mengine unaingia kwa foleni, mengine unajiandikisha kabla. Masomo yanakuwa hayajaanza kubana wakati huo, na miguu bado ina nguvu.